Rubabu ya Shosho

Juzi mliniita Kabazi, nyinyi vijana wa kanisa, nije niangalie rubabu yenu, ule mmea wa kizungu wa vikonyo vyekundu vya kutia kwenye pai. Nilifika nikawakuta mmezunguka tuta, mikono nyuma, vichwa chini, kama watu waliokuja kuaga maiti. Na kweli maiti ilikuwepo. Mizizi mliyoinunua kwa mbwembwe, mkaipiga picha hata kabla hamjaishusha kwenye bodaboda, ilikuwa imeoza mpaka inanuka. Mmoja wenu akaniambia, "Mzee, tulifuata video." Sawa. Basi irudieni hiyo video, iwape mizizi mingine.

Nimeamua kuwaandikia kwa sababu nikiongea mnaangalia simu. Mimi naitwa Ainea. Kazi yangu ilikuwa bustani, tangu nilipotoka Maragoli nikiwa sina hata ndevu za kunyoa, hadi magoti yalipokataa kuinama. Nimewapandia watu maua, kabeji, nyasi za mbele ya nyumba, hata ua la michongoma lililonawiri likamzuia mwenye nyumba kuingia kwake. Lakini mkiniuliza ni mmea gani ulionifunza binadamu vizuri, nitawaambia ni huu wenu mliouua. Wakati mmoja ulikaribia kumpeleka rafiki yangu kizuizini, na sisemi hivyo kwa kupamba hadithi.

Niliandikwa kazi Subukia katika ile miaka ya hali ya hatari, kwa mzungu aliyekuwa na kahawa, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Bwana mwenyewe alikuwa mtu wa kunyamaza. Aliongea na ng'ombe zaidi ya watu, na nadhani ng'ombe ndio waliomwelewa. Mkewe tulimwita Memsabu. Kiswahili chake alikipata kwenye kitabu kidogo, na nafikiri kurasa za mwisho zilichanika, maana alijua "leta", "peleka" na "pesi pesi", lakini "asante" hakuwahi kuifikia.

Jikoni alikuwa Ndirangu, mpishi. Alikuwa Mkikuyu, mtu mzima, mwenye mke aliyeitwa Wanjiru na watoto wadogo, wote wakiishi kwenye laini, vile vibanda vya wafanyakazi nyuma ya boma. Siku hizo serikali ilimshuku kila Mkikuyu kuwa mwasi, kwa hivyo kuwa Mkikuyu kwenye shamba la mzungu ilikuwa kazi ya pili, na haikuwa na mapumziko. Wenzake wengi walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa na serikali. Ndirangu alibakizwa kwa sababu Bwana alipenda mikate yake. Yeye alilijua hilo, kwa hivyo alikanda unga kama mtu anayesali.

Sasa, Memsabu alikuwa na ugonjwa mmoja: alitaka rubabu. Jirani yake wa upande wa Kabazi, mke wa mzungu tajiri zaidi, alikuwa nayo tele. Kila alipokuja kunywa chai aliuliza kwa sauti ya asali, "Na rubabu yako, mpenzi, inaendeleaje?" Memsabu angetabasamu, halafu mgeni akiondoka sisi tungefokewa mpaka jioni.

Mara ya kwanza alinipa mizizi niipande mimi. Sikuwa nimewahi kuuona mmea huo maishani mwangu. Alinionyesha picha: majani mapana, vikonyo vinene. Nikasema moyoni, kumbe ni nduma ya wazungu. Kwetu nduma hupandwa mahali penye maji, kwa hivyo nikaichimbia chini ya tangi, pale bomba linapovuja mchana kutwa. Nilijiona fundi. Nilikuwa nikipita pale nakohoa kidogo ili watu wanitazame. Baada ya muda nikaifukua, ikaniteleza mkononi kama kamasi. Memsabu alisimama juu yangu akaniuliza, "Wewe nafikiri hii samaki?"

Kwa hivyo msidhani nawacheka nikiwa nimesimama mahali pa juu. Nawacheka nikiwa ndani ya shimo lilelile.

Mara ya pili akasimamia mwenyewe. Kitabu chake kilisema rubabu inapenda samadi, na hilo ni kweli. Ila hakikumwambia samadi ipi, au kilimwambia akaruka ukurasa. Alituagiza tuilete moja kwa moja kutoka zizini, bado inatoa mvuke. "Tia mingi. Hapana kuwa mchoyo." Tulitia. Ile mizizi ilipikwa pale chini kama viazi. Mara ya tatu akasema tatizo ni jua, akataka izikwe chini sana, nikaizika kiasi kwamba hakuna kiumbe angeipata. Fuko aliipata. Aliingia kwa njia zake za chini, akala kila kitu, akatuachia kilima kizuri cha udongo laini kama shukrani.

Ndipo alipokuja mama yake Bwana.

Alikuja kutoka kwao kwa meli na treni, mama mzee mwembamba, fimbo mkononi, shingo imenyooka kama ya bata bukini. Siku ya kwanza Ndirangu alimtazama akishuka garini, akasema, "Huyu ni Shosho kabisa," yaani nyanya kwa Kikikuyu, na sote, Waluhya na Wakipsigis, tukamwita Shosho. Kiswahili hakujua hata neno moja, na hakuona sababu ya kujifunza. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha misheni. Kilijua habari za mto Yordani kuliko za jikoni, lakini tulielewana, kwa sababu Shosho alifundisha kwa fimbo. Alielekeza nayo, akapima nayo, na ukikosea akakugonga nayo kwenye kifundo cha mguu.

Alipoliona tuta la Memsabu alicheka mpaka akaomba kiti. Memsabu alikuwa pale. Sikumtazama usoni. Niliiangalia kahawa ya ng'ambo ya bonde kama mtu aliyeajiriwa kuihesabu.

Sikilizeni sasa alichonifundisha, maana ndicho mlichoniitia. Shosho alichagua mahali penye mteremko kidogo, maji yapite yasikae. Alitaka jua la asubuhi na kivuli kidogo cha alasiri. Tukachimba mashimo marefu hadi kwenye kiwiko, mapana zaidi ya karai, na kati ya shimo na shimo akaacha nafasi ya mtu kulala, kwa sababu mmea huu ukikomaa hauna adabu ya kukaa kwa kubanana. Samadi aliitafuta nyuma ya zizi, ile ya zamani, iliyogeuka kuwa udongo mweusi usio na harufu. Alichukua kiganja akakinusa, halafu akaninusisha mimi. Ikinuka, rudisha. Ndiyo somo lote la samadi, na halihitaji video.

Mzizi ulipoletwa safari hii kutoka Molo, umefungwa kwenye gunia bichi, alinionyesha jicho lake, lile chipukizi jekundu juu. Mzizi unakwenda chini, jicho linachungulia usawa wa udongo. Ukilizika linaoza, ukiliacha juu sana linakauka. Ukishindilia udongo kwa kisigino, shindilia pembeni, si juu ya jicho. Halafu maji, si mafuriko. Halafu nyasi kavu kuzunguka shina, lakini usilifunike jicho. Fuko tulimtegea kwa fimbo iliyopindwa na waya, na Shosho alipoona wa kwanza amenaswa alinipigia makofi, mara moja tu katika miaka yote.

Na jambo la mwisho ndilo linalowashinda nyinyi, maana lilimshinda Memsabu pia. Msimu wa kwanza huvuni kitu. Hata ukiona vikonyo vimenona, vimeiva wekundu, vinakuita kwa jina, unapita. Mmea unalisha mizizi yake kwanza. Ukiutoza ushuru ukiwa mtoto utakufa mikononi mwako. Ukitoa bua la maua, livunje, usiliache linyonye nguvu. Memsabu alivumilia mpaka jirani alipotangaza kuja. Akanyata hadi kwenye tuta na kisu. Sijui Shosho alitokea wapi. Fimbo ilitua mkononi mwa Memsabu, kisu kikaanguka, na mimi nilikuwa nimepiga magoti hapo karibu nikipalilia kwa bidii ambayo sijawahi kuirudia. Kisha Shosho akamweleza, taratibu kama anayeongea na mtoto wa chekechea, kwamba kwanza si wakati, na pili rubabu haikatwi. Inashikwa chini kabisa, inapindwa kidogo, inavutwa.

Mwaka uliofuata mimea ilikuwa mikubwa kiasi cha kuficha mbuzi. Memsabu akawaalika wale wa Kabazi, mume na mke, kwa chakula cha mchana cha Jumapili. Kuku, viazi, na pai ya rubabu yenye krimu. Hapo ndipo Shosho alipoingia jikoni.

Alisema si vizuri kutupa majani. Kwao, wakati wa vita vile vya kwanza vya dunia, walikula majani ya rubabu badala ya spinachi, yeye mwenyewe akilisha nyumba nzima, na hakuna aliyekufa. Alinituma nivune majani laini. Nikavuna. Yalipendeza kweli, mapana, ya kijani kinachong'aa, na mtu yeyote anayejua sukuma wiki angeyatamani. Akamsukuma Ndirangu pembeni, akayachemsha mwenyewe, akaongeza magadi ili rangi isipotee. Ndirangu alipewa kazi ya kuchochea moto.

Nawaambia wazi, kabla hamjaenda kujaribu: majani ya rubabu ni sumu. Kula kikonyo, jani tupa kwenye mboji. Usimpe hata mbuzi. Magadi nayo yanazidisha ubaya. Lakini siku hiyo hakuna aliyelijua hilo, si Memsabu na kitabu chake, si Shosho na vita vyake, si mimi niliyevuna.

Walikula. Yule mke wa Kabazi alirudia mara mbili kwa adabu. Mimi nilipita mlangoni pa jikoni, Ndirangu akanipa yaliyobaki chini ya sufuria pamoja na ugali wangu, nikala nikajiona mzungu. Kufikia jioni nyumba ile ilikuwa inatapika kutoka kila dirisha. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nikifanya hivyo hivyo, koo linawaka, tumbo linajikunja. Hakuna aliyekufa. Ila mume wa Kabazi, alipopata nguvu ya kushika simu, hakumpigia daktari peke yake.

Asubuhi ikaja Landrova ya polisi na lori nyuma yake. Inspekta alikuwa kijana wa kizungu aliyezaliwa huku, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wetu, na hilo ndilo lililotutia hofu. Ndirangu alikwisha kufungwa kamba mikononi, amesimama mbele ya veranda. Nikatazama upande wa laini, nikamwona Wanjiru anafunga sufuria na mablanketi kwenye shuka. Hakuna aliyemwambia afunge. Alikuwa ameyaona malori mengine.

"Mboga ilipikiwa kwako?" Inspekta akamuuliza Ndirangu.

"Ndiyo, bwana. Jikoni kwangu."

"Wewe ulikula?"

"Hapana, bwana."

"Kwa nini hukula?"

"Mimi nakula nyumbani. Chakula cha meza si cha mpishi."

"Ulijua ni mbaya."

"Nilijua si yangu."

Inspekta akawageukia askari wake kama mtu aliyemaliza hesabu. Nikaona akili zake zilivyo: aliyetapika ni mwema, asiyetapika ni muuaji. Kwa kipimo hicho mimi nilikuwa malaika. Nikajikokota mbele, nimeshika tumbo, nikasema, "Bwana, mama mzee ndiye aliyesema majani yapikwe. Mimi ndiye niliyeyavuna."

"Nimekuuliza wewe?"

"Hapana, bwana."

"Basi nenda utapike na unyamaze."

Akamgeukia Memsabu, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha veranda na shali mabegani. Akamuuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu wa nyumbani aliyeagiza mboga ile. Hapo nilielewa kila neno. Memsabu alitazama mawaridi yake. Alikuwa amewatapisha wageni wa Kabazi, na habari ilikwisha kufika kila mahali penye chai. Sasa angekuwa mwanamke aliyewalisha wageni sumu kwa mkono wa familia yake, au mwanamke aliyeponea njama ya mpishi. Moja ilikuwa aibu, nyingine ilikuwa hadithi ya kusimulia klabuni. Akasema mambo ya jikoni ni ya Ndirangu, yeye huagiza idadi ya sahani tu.

Bwana alikuwepo. Alitazama viatu vyake. Kama kungekuwa na ng'ombe karibu, labda angemwambia ng'ombe ukweli.

Askari wakaanza kumsukuma Ndirangu kuelekea lori. Hakulia wala hakuomba. Aligeuza shingo mara moja tu, kule laini, akaangalia kama Wanjiru amekumbuka koti la mtoto.

Mlango wa nyumba ukafunguka na Shosho akatoka. Alikuwa na gauni la kulalia, nywele zimeachiliwa, uso wa rangi ya jani lile lile alilotulisha. Fimbo ikatangulia, yeye akafuata. Akauliza kelele hizo ni za nini. Inspekta akavua kofia, akamwambia kwa upole arudi kupumzika, kwani mtu aliyepika mboga amepatikana.

"Mtu gani?"

Inspekta akamwonyesha Ndirangu.

Shosho akamtazama Ndirangu kutoka utosini hadi miguuni, kisha akamtazama Inspekta kana kwamba ndiye aliyemwibia kuku. Kiingereza kilichofuata kilikuwa cha haraka, lakini nimekirudia kichwani maisha yangu yote, na kwa lugha yetu kilikuwa hivi: "Huyu? Huyu hawezi kuchemsha yai bila kusimamiwa. Ile mboga ni yangu. Nimeipika kabla mama yako hajazaliwa. Majani niliagiza mimi, magadi nilitia mimi, chumvi nilipima mimi. Huyu alichochea moto, na hata moto wenyewe aliuchochea vibaya."

Inspekta akasema, "Lakini madamu, mboga imewadhuru watu."

"Mboga ilikuwa nzuri sana. Maji ya bonde hili ndiyo machafu."

"Labda majani yenyewe yana sumu."

Fimbo ikapanda juu. Askari wawili wakarudi nyuma. "Kijana," Shosho akasema, "unaniambia mimi sijui kupika?"

Mngeuona uso wa yule Inspekta. Alikuwa amekuja na kamba, bunduki na lori kumkamata muuaji, na sasa muuaji alikuwa amesimama mbele yake na gauni la kulalia, anadai sifa. Kama angeandika maneno yake, angelazimika kumfunga mama wa mwenye shamba. Akamtazama Bwana. Bwana akapata ghafla sauti, akasema ndiyo, mama yake alikuwa jikoni, yeye mwenyewe alimwona. Memsabu akasema sasa anakumbuka. Ilikuwa ajabu jinsi kumbukumbu zilivyorudi asubuhi ile, kama kuku jioni.

Kamba ikafunguliwa. Inspekta akamwambia Ndirangu, "Leo umepata bahati." Lori likaondoka tupu. Kule laini Wanjiru akaketi juu ya ule mzigo wake, hakuufungua mpaka siku ya pili.

Vumbi la lori halijatua, Memsabu akaita, "Ndirangu, leta chai. Pesi pesi."

Ndirangu akaingia jikoni, mikono bado ina alama za kamba. Akarudi na trei: birika, maziwa, sukari, kikombe kimoja cha udongo mzuri. Akaiweka mezani. Memsabu akaitazama ile chai, akamtazama Ndirangu, hofu ikamrudia.

"Kunywa wewe kwanza," akamwambia.

Ndirangu akamimina. Akatia maziwa, akatia sukari, akakoroga bila haraka, akanywa kikombe chote akiwa amesimama. Akamimina kingine, akanywa. Akamimina tena mpaka birika likatoa tone la mwisho, akanywa hilo pia. Kisha akaweka kikombe kwenye kisahani, polepole, kisilie.

"Iko sawa, Memsabu," akasema. "Ila sasa imekwisha."

Mchana alikuja bustanini. Memsabu alikuwa ameniagiza ning'oe rubabu yote, na Shosho alikuwa ameagiza kiti chake kiwekwe katikati ya tuta, amekaa hapo na fimbo magotini akisubiri mtu wa kung'oa. Kwa hivyo nilikuwa nimesimama kando na jembe, nikifanya kazi ya kutofanya kazi. Ndirangu akasimama karibu nami. Tulimtazama yule mama mzee, dhaifu, bado ana kijani usoni, anawafukuza nzi na kumlaani mkwewe peke yake.

"Unafikiri alifanya kwa ajili yako?" nikamuuliza.

"Mimi hanijui hata jina," Ndirangu akasema. "Alikataa tu nichukue sufuria yake."

Akaiweka mikono mifukoni.

"Ainea, wewe huenda kanisani?"

"Kila Jumapili."

"Hii hali ya hatari bado haijaisha. Lori litakuja tena kwa sababu nyingine. Ukiomba, omba yule mama asijifunze unyenyekevu kwanza."

Jumapili nilipiga magoti kwenye benchi la nyuma, nikafumba macho, nikamwombea Shosho afya njema, maisha marefu, na kiburi kisichopungua.